Vizibo vya tundu la machozi kwa macho makavu: kwa nini Mwanza hatuanzi navyo?

#1 Mwamba wa Bwiru

Wakuu salaam. Nina hoja, nipingwe kwa hesabu na si kwa matusi.

Macho makavu huku kwetu yanatibiwa kinyumenyume. Mtu akishaambiwa ana ukavu anapewa chupa ya machozi bandia, adondoshe mara nne, baadaye sita, baadaye nane kwa siku. Chupa ikiisha anarudi dukani. Sasa tupige hesabu. Tone moja la chupa ya kawaida ni mikrolita 30 hadi 50. Machozi yanayokaa juu ya jicho wakati wowote ni kama mikrolita 7 tu. Maana yake sehemu kubwa ya tone inamwagikia shavuni, na iliyobaki inashuka puani ndani ya dakika chache. Mnajaza beseni lililotoboka.

Kwa nini tusizibe toboleo? Kwenye kona ya ndani ya jicho kuna tundu mbili, moja ukingo wa juu na moja ukingo wa chini, ndizo zinazonyonya machozi kwenda puani. Kizibo chenye kipenyo kisichofika milimita 1 kinakaa humo, bila kisu wala kulazwa. Daktari wa macho Freeman alivielezea vizibo vya silikoni mwaka 1975, kwa hiyo msiniambie ni mambo ya majaribio.

Mtu wa Igombe au Ukerewe, ambaye duka lenye machozi bandia mazuri liko mbali naye, kizibo kiwe hatua ya kwanza. Karibuni.

#2 Dagaa Mkavu

Naweka kambi hapa. Swali dogo tu: ziwa la kilomita za mraba 68,800 liko mlangoni, macho yanakaukaje?

#3 Sista wa Zamu

Mkuu #1, mfano wa beseni ni mzuri ila umeruka swali la kwanza. Maji hayatoki, au yanatoka yakakauka haraka?

Utando wa machozi una vitu vitatu. Kuna ute unaoshika kwenye jicho lenyewe. Kuna maji ya tezi ya machozi, iliyo juu upande wa nje. Kuna mafuta ya tezi za meibomia, zilizojipanga ndani ya ukingo wa kope, midomo yake ipo nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Mafuta yakiwa mazito kama samli iliyoganda, maji yanapaa hewani hata kama tezi ya juu inafanya kazi vizuri. Na ukavu wa aina hii ya mafuta ndio mwingi kuliko ule wa uhaba wa maji. Ukimwekea kizibo mtu huyo, umemfungia maji yaleyale mabaya yenye povu.

Kwa hiyo kabla ya kizibo pima. Karatasi ya Schirmer, upana milimita 5, urefu 35, unaikunja kwenye alama na kuitundika ukingo wa chini theluthi ya nje, dakika 5, unasoma ulowevu. Chini ya milimita 10 huyo ni mkavu. Kisha rangi ya fluoresini chini ya mwanga wa bluu: mwambie apepese halafu akodoe, hesabu sekunde mpaka doa jeusi la kwanza litokee. Chini ya 10 utando haushiki. Halafu bonyeza ukingo wa kope kwa kidole au kijiti cha pamba uone kinachotoka: mafuta maangavu, ya maziwa, au kama dawa ya meno inayotoka kwenye mrija.

Karatasi ikilowa vizuri na rangi ikavunjika sekunde ya 3, tatizo ni mafuta. Hapo kizibo hakina haraka.

#4 Fundi Miwani

Sista umeeleza vizuri, ila hiyo 10 usiiache hivyohivyo. Bila ganzi, 10 ni mpaka wa kutilia shaka. Ukavu wa wazi wa uhaba wa maji ni 5 kushuka. Ukidondosha ganzi kwanza namba zinashuka kwa sababu umeondoa machozi ya kuchokozwa na karatasi, kwa hiyo usilinganishe kipimo cha leo chenye ganzi na cha mwezi jana kisichokuwa nayo. Andika pembeni kabisa: "na ganzi" au "bila ganzi". Nusu ya mabishano ya Schirmer yanatokea hapo.

Jambo jingine, mpangilio. Rangi na kuhesabu sekunde vitangulie. Karatasi ije mwisho, maana inakwaruza na kuharibu unachotaka kupima baadaye. Na feni izimwe.

#5 Ng'wana Butimba

Wataalamu mnatuacha njiani. Mtu macho yanamtiririka machozi mpaka anatembea na leso, akienda anaambiwa "una macho makavu". Hapo si utani?

#6 Sista wa Zamu

#5 si utani. Kwa swali lako, tazama machozi ya aina mbili: ya kulainisha, yanatoka kidogokidogo muda wote, na ya dharura, yanayomwagika ukikata kitunguu. Jicho likikauka neva za konea, kile kioo cha mbele ya jicho, zinapiga kelele, tezi inamwaga maji ya dharura kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta wala ute wa kutosha, hayakai, yanashuka shavuni, jicho linakauka tena.

Lakini tahadhari kwa mkuu #1 hapo. Jicho linalotiririka linaweza pia kuwa na mfereji ulioziba tayari, au kope la chini lililolegea likageukia nje. Huyo ukimwekea kizibo umemuua na leso yake. Kabla ya kizibo, kama kuna kutiririka, pitisha maji ya chumvi kwa sindano butu kwenye tundu la chini. Akisema "nimeonja chumvi kooni", njia iko wazi. Yakirudi kupitia tundu la juu, kuna mzibo mbele. Yakirudi na usaha, kizibo sahau kabisa, kifuko cha machozi kimeoza.

#7 Mzee Kamanga

Namjibu #2. Ziwa halilowanishi jicho. Kinachokausha Mwanza ni vumbi la Juni mpaka Septemba na moshi. Nenda Mwaloni Kirumba uone, nenda majiko ya kubanika samaki, nenda jikoni kwa mkaa. Moshi unavunja mafuta ya utando na kuchokoza kope. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, upepo usoni, taa usoni, saa kumi mfululizo. Kizibo gani kitashinda hayo?

#8 Capri Kwa Juu

Shikamoo mzee. Moshi nakubali nusu. Mbona wanaolalamika zaidi ni wa ofisini, hawajui mkaa unauzwaje? Kiyoyozi kinashusha unyevu wa chumba na kinapuliza usoni. Skrini nayo: mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, akikodolea simu au kompyuta inashuka chini ya nusu, na nyingi ni nusu-pepeso, kope halifiki chini. Mafuta hayakamuliwi, sehemu ya chini ya konea inabaki wazi. Ukitia rangi unaona madoa yamejipanga mstari chini tu. Huo ndio ukavu wa Mwanza mjini.

#9 Nyakato Mwisho wa Lami

Wote mnasahau trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoacha makovu. Kanda hii yetu na ya jirani imekuwa nayo miaka mingi. Makovu ndani ya kope la juu yanaua seli za ute na tezi za mafuta, na makovu makubwa yanaziba hata mirija ya tezi ya machozi. Mama wa miaka 60 wa Magu anayesema mchanga machoni, geuza kope la juu kwanza. Ukiona mistari myeupe kama kamba, na nywele zimejikunja zinakwaruza konea, kutia kizibo ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Nywele zitengenezwe kwanza, kwa upasuaji wa kope.

Halafu kuna kile kinyama kinachoota kutoka upande wa pua kuelekea kwenye mboni. Nacho kinavuruga utando, hauenei sawasawa. Wavuvi wanavyo sana kwa jua la majini.

#10 Mwamba wa Bwiru

Naona maelezo manne ya ukavu na hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Sawa. Basi tuseme mgonjwa amepimwa, Schirmer 3, mafuta safi, kope safi, mfereji wazi. Huyo kizibo anawekewaje? Maana wengine humu wanadhani ni upasuaji wa saa mbili.

#11 Kanula

Naomba nijibu hili kwa urefu, ndipo watu wanapoharibu.

Mkalishe kwenye ile darubini ya kuegesha kidevu. Tone la ganzi, tetrakaini au proparakaini, subiri dakika moja. Wengine wanaegesha na kijiti cha pamba chenye ganzi kwenye kona ya ndani kwa sekunde 30 zaidi, inasaidia kwa waoga.

Njia yenyewe uijue: tundu, kisha mrija unashuka wima kama milimita 2, kisha unakata kona kuelekea puani kwa kulala kama milimita 8. Ukisukuma kitu wima zaidi ya hizo 2 unachimba ukuta.

Pima tundu. Kuna kipimio chenye ncha mbili za saizi tofauti, zinapanda kwa 0.1. Vizibo vya silikoni vingi ni kati ya milimita 0.4 na 1.0 hivi. Ncha sahihi ni ile inayoingia ikiwa na ubishi kidogo na kutoka ikivutana. Ikiingia kama kwenye siagi, panda saizi. Kupima ndiyo hatua inayorukwa zaidi, mtu anachukua saizi iliyobaki kwenye boksi.

Vuta kope la chini kuelekea nje na chini kidogo mpaka tundu litazame juu. Ikiwa ni jembamba, panua kwa kijiti chembamba cha chuma: kishushe wima milimita 1 mpaka 2, kisha kilaze taratibu kuelekea puani, kizungushe kwa vidole, toa. Usizidishe. Mdomo wa tundu una pete inayonyumbuka, ndiyo inayokishika kizibo shingoni. Ukiipasua pete, hakuna saizi itakayokaa tena.

Papo hapo kabla tundu halijanywea, leta kizibo kilichopachikwa kwenye mpini wake wa kuingizia, ingiza mpaka kofia ilale sawa na ukingo, bonyeza kitufe kiachie. Kofia isiinuke, isizame. Mwambie apepese na aangalie upande wa pua, uone kama kofia inagusa jicho jeupe. Ikikwaruza, toa. Usimwambie "utazoea".

Andika: jicho lipi, tundu lipi, aina, saizi, tarehe. Mpe na mgonjwa kikaratasi. Ataonana na daktari mwingine miaka mitatu baadaye, na wewe hutakuwepo.

#12 Dagaa Mkavu

Kwa hiyo ni kama kizibo cha chupa ya chai. Chini kinene, katikati chembamba, juu kofia.

#13 Kanula

Umbo la chini ni koni butu, ila mfano wako umekaribia. Nauazima.

#14 Zuhura wa Pasiansi

Ningeongeza: asianze na silikoni. Kwanza ajaribiwe na kolajeni, inayeyuka yenyewe baada ya miezi mitatu. Akifurahi, ndipo apewe ya kudumu.

#15 Fundi Miwani

Dada Zuhura, wazo ni sahihi, muda si sahihi. Kolajeni ya majaribio inayeyuka ndani ya siku 4 hadi 7 hivi, ikichelewa sana wiki mbili. Ya miezi ni nyingine kabisa, imetengenezwa kwa kemikali ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka, hiyo hukaa takriban miezi miwili hadi sita kulingana na aina. Ukimwambia mgonjwa miezi mitatu halafu macho yakamkauka wiki ijayo, atasema umemuibia.

Za kolajeni ni vijiti vya kipenyo cha 0.2 hadi 0.5, urefu wa milimita 2 hivi. Hazina kofia. Unashika kwa kibano chenye ncha nyembamba sana, unaingiza nusu, kisha unaisukuma iliyobaki mpaka izame chini ya mdomo. Ikibaki inachungulia, inalowa, inavimba, inadondoka kabla mgonjwa hajavuka geti.

Zuri la jaribio: ukiziba zote nne kwa wiki moja na akatiririka, umeshajua. Baya lake: wiki ni fupi, na kijiti hakizibi kama silikoni. Jaribio likishindwa halithibitishi kwamba ya kudumu itashindwa.

#16 Ng'wana Butimba

Kuna ile nyingine nilisikia inayeyuka kwa joto la mwili?

#17 Kanula

Haiyeyuki ikaisha. Inabadilika umbo. Ni akriliki, ikiwa kwenye ubaridi ni kijiti kigumu chenye kipenyo cha milimita 0.4, ikipata joto la mwili inakuwa laini, inafupika na kunenepa ndani ya mrija. Kuna ya hidrojeli pia, inanyonya machozi na kuvimba ndani ya dakika kadhaa. Zote hizi zinazama ndani, huzioni, hazikwaruzi, na mgonjwa anazipenda kwa hilo.

Mimi sizipendi kwa hilohilo. Usichokiona hukijui kama kipo. Ile ya akriliki imeripotiwa kuleta uvimbe na usaha kwenye mrija, wengine mpaka mrija kupasuliwa kutolewa. Ya kofia ikisumbua unaishika kwa kibano shingoni, unavuta, imetoka. Ya ndani unaisukuma kwa maji ya chumvi kwenda puani, na kuna siku inakataa. Fikiria uko Ukara, meli imeondoka, na mrija umevimba.

#18 Mwamba wa Bwiru

Kwa hiyo tunakubaliana silikoni yenye kofia kwa watu wetu?

#19 Sista wa Zamu

Hatukubaliani. Yenye kofia inadondoka. Tafiti zinatofautiana lakini kudondoka ndani ya miezi ya mwanzo ndiyo kero namba moja ya aina hiyo, na anayesugua macho kwa vumbi ataipoteza mapema. Mgonjwa wa mzio wa macho, hasa vijana wa ule mzio wenye kuwasha sana, asipewe kabla kuwasha hakujatulia. Atasugua. Kitatoka.

Kikiwa kidogo kupita tundu, kuna habari mbaya zaidi: kinazama. Mgonjwa anasema kimedondoka, daktari anaweka kingine juu yake, miezi sita baadaye kona imevimba na kutoa uchafu. Kabla ya kuweka cha pili, pitisha maji kwanza.

Vingine: kinyama chekundu kinachoota pembeni ya kofia, kinavuja damu ukigusa, hicho kizibo hakina budi kutolewa. Na uchafu unaoganda juu ya silikoni, bakteria wanajenga makazi hapo.

#20 Nyakato Mwisho wa Lami

Mimi hoja yangu ya msingi dhidi ya #1 ni moto. Jicho kavu lina uvimbe wa ndani kwa ndani, machozi yake yamejaa kemikali za uvimbe, na yana chumvi nyingi. Ukiziba unayahifadhi yaendelee kuunguza. Ndiyo maana wengi wanataka kwanza dawa za kutuliza uvimbe, siklosporini au steroidi ya muda mfupi, kope zisafishwe, kisha kizibo.

#21 Fundi Miwani

Na mimi nakupinga kwa hoja hiyohiyo. Chumvi imepanda kwa sababu maji ni kidogo. Ongeza maji, chumvi inashuka, uvimbe unapungua. Kusubiri siklosporini, inayochukua miezi kufanya kazi na inayochoma, wakati kuna mtu konea yake imechubuka leo, naona ni kumcheleweshea.

Kuna jambo linalonisumbua mimi mwenyewe upande wangu: utafiti wa mwaka 2001 kwa watu wenye macho mazima ulionyesha kuwa ukiziba, tezi inapunguza uzalishaji na konea inapungua hisia, kisha vinarudi baada ya wiki mbili hivi. Mwili unajirekebisha. Sasa kwa mwenye ugonjwa, unajirekebisha kiasi gani?

#22 Kanula

Na mapitio ya 2017 ya Cochrane, wale wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 18, yalisema kuwa nafuu ya dalili na ya vipimo haijathibitika wazi. Majaribio yamechanganya wagonjwa wa aina tofauti na vizibo vya aina tofauti. Wanaovitumia kila siku wanasema vinafanya kazi. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi: vinamfaa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, na ukimimina kila mtu kwenye kapu moja faida inapotea.

#23 Dagaa Mkavu

Kapu moja la sangara na dagaa, unatafuta wastani wa urefu 😂

#24 Zuhura wa Pasiansi

Asante #15 kwa marekebisho. Swali: unaanza na tundu la chini au la juu?

#25 Fundi Miwani

Chini, macho yote mawili, mgonjwa arudi wiki mbili hadi nne. Haitoshi, ongeza juu. Vitabu vya zamani vinasema la chini ndilo linabeba mzigo mkubwa wa machozi.

#26 Kanula

Vitabu vya zamani vilikuwa na uhakika kuliko vipimo. Juu na chini zinakaribiana, na inatofautiana mtu na mtu. Kwa wengine tundu moja linatosha kubeba yote. Ndiyo maana unaweza kuziba la chini na usione tofauti hata kidogo. Sababu halisi ya kuanza chini ni kwamba ni rahisi kufikia, na akitiririka hujaharibu kitu, unatoa.

La juu lina ubaya wake: kofia iliyoinama inakwaruza konea kila akipepesa.

#27 Mzee Kamanga

Mnaongea mirija, sijasikia dawa anazomeza mtu. Piritoni ya mafua na mzio inakausha. Amitriptilini inakausha. Baadhi ya dawa za presha za kukojoza nazo. Uliza hilo kabla hujachukua karatasi ya Schirmer.

#28 Sista wa Zamu

Mzee umenena. Na matone yenyewe: kihifadhi cha benzalkoniamu kwenye chupa kinachubua konea. Akizidisha mara 4 kwa siku atafute yasiyo na kihifadhi. Hapa ndipo tahadhari: ukishaziba, tone linakaa muda mrefu juu ya jicho, na kihifadhi chake nacho kinakaa. Mgonjwa wa presha ya macho mwenye dawa mbili zenye benzalkoniamu anaweza kuwaka zaidi baada ya kizibo. Upande mzuri ni kwamba dawa ya presha ya macho kama timololi inapungua kushuka puani, na pua ndiyo inayoinyonya kwenda kwenye damu na mapafu.

Na jamani, matone ya steroidi yaliyochanganywa na antibayotiki yanayonunuliwa bila cheti kwa sababu "yanapoza": yanapoza kweli, na yanapandisha presha ya jicho kimyakimya.

#29 Ng'wana Butimba

Asali, maziwa ya mama, maji ya kitunguu. Mtu akiuliza tunamwambiaje?

#30 Nyakato Mwisho wa Lami

Hapana, hapana na hapana. Konea kavu ina michubuko, chochote kisicho safi kinaingia na kuleta kidonda. Kidonda cha konea hakisubiri.

Kilicho bure na kinafanya kazi, kwa wale wa mafuta mazito wa Sista: kitambaa safi, maji ya moto yanayovumilika kwenye ngozi ya mkono, nyuzi 40 mpaka 45, juu ya kope zilizofumbwa dakika 5 hadi 10. Kitambaa kinapoa ndani ya dakika 2, kwa hiyo kichovye upya, watu wengi wanafeli hapo. Kisha kanda kope la juu kushuka chini, la chini kupanda juu, kuelekea ukingo. Mara mbili kwa siku, wiki kadhaa. Aliyewekewa kizibo cha kofia asikande kona ya ndani.

#31 Capri Kwa Juu

Na mtoto asiwekwe kwenye hesabu hii kabisa. Mtoto mwenye jicho kavu lisilong'aa, haoni jioni, ana madoa ya povu jeupe pembeni ya mboni, hiyo ni upungufu wa vitamini A. Ni dharura, ampelekwe siku hiyohiyo apewe vitamini A.

#32 Fundi Miwani

Sawa kabisa. "Apelekwe" lakini, si "ampelekwe" 😀

#33 Capri Kwa Juu

Kidole kimepepesa mara mbili.

#34 Mwamba wa Bwiru

Narekebisha hoja yangu, siifuti. Kwa mwenye uhaba wa maji uliothibitika, kwa mfano wale wa ugonjwa wa Sjögren ambao mdomo nao umekauka na viungo vinauma, au aliyepona ule mzio mkali wa dawa za salfa uliobabua ngozi na macho, kizibo kisisubiri mpaka chupa ya kumi. Kwa wa mafuta, kope kwanza.

Ila bado nashikilia: umbali na duka ni kigezo cha kitabibu. Aliye Ukerewe hawezi kufuata ngazi ya matibabu iliyoandikwa kwa mtu mwenye duka la dawa chini ya ghorofa yake.

#35 Sista wa Zamu

Umbali huohuo ndio unaonizuia mimi. Nani atakitoa kikivimba? Anayewekewa aambiwe dalili za kurudi: maumivu kona ya ndani, usaha, wekundu upande mmoja, uvimbe kati ya jicho na pua. Na ajue pa kurudi. Kwa ukanda huu mara nyingi ni rufaa mpaka hospitali ya Bugando, na hiyo ni kivuko, nauli na siku nzima.

#36 Nyakato Mwisho wa Lami

Wa salfa, #34, chunguza kwanza. Makovu yao mara nyingi yameshaziba tundu zote nne. Unakuta kizibo cha Mungu tayari.

#37 Kanula

Na kama tundu zipo wazi na silikoni imedondoka mara tatu, kuna kuchoma mdomo wa tundu kwa chuma cha moto cha umeme. Ganzi ya sindano, ncha inaingia milimita kadhaa, unachoma huku ukitoa mpaka nyama inyauke nyeupe. Ukichoma juujuu linafunguka tena. Hili halina kurudi nyuma kirahisi, kwa hiyo lazima vizibo viwe vimeshaonyesha nafuu kwanza, hata kama vilidondoka.

#38 Dagaa Mkavu

Boda wa Buzuruga wao wavae nini? Kofia ngumu kioo kimevunjika tangu Pasaka.

#39 Fundi Miwani

Miwani ya kuziba pembeni, yenye ukingo laini unaogusa ngozi, ile ya mafundi wa kuchomelea na kukata mbao. Kioo cheupe, si cheusi, usiku unaona. Inapunguza upepo juu ya jicho, na kwa mtu wa upepo inaweza kuzidi kizibo kwa nafuu. Itapata ukungu ikibana sana, toboa tundu ndogo juu, si pembeni.

#40 Mzee Kamanga

Mvuvi akiivaa usiku kwenye mtumbwi, mnyunyizo wa maji unaganda kwenye kioo. Nani ana dawa ya hilo?

#41 Ng'wana Butimba

Mzee, sabuni ya kipande. Paka kavu ndani na nje, futa kwa kitambaa laini mpaka uone. Ila suuza mikono kabla hujagusa jicho.

#42 Kanula

Na hapo ndani acha sabuni iwe kidogo sana. Ikitiririka na jasho ikaingia jichoni, mafuta ya utando yameondoka yote, na tunarudi #3.